Sindano Inashuka Usiku

Jumatatu, 3 Juni

Friji la bucha nililokuwa nalitengeneza limekubali. Jioni nimekaa na bunduki ya upepo. Nimefungua valvu, nimefuta vumbi la ghalani, nimeirudisha. Ile grisi ya kopo iliyokuja nayo imekwisha tangu masika, kwa hiyo oringi, zile pete za mpira za kuzuia upepo, nimezipaka mawese kidogo, yale ya mke wangu Stella yaliyochujwa. Zimeteleza vizuri mno. Nimepampu kwa mkono mpaka sindano ya kipimo cha upepo ikaingia kwenye kijani na shati likalowa. Springi ya nyundo nimeilegeza robo mzunguko, risasi iue panya bila kutoboa bati la paa. Keshokutwa ni ghala la Mzee Salumu.

Bunduki naipenda, lakini aliyeibuni ana mambo yake. Kipimo kakiweka mbele kabisa, chini ya mdomo. Ukitaka kujua upepo uliobaki, unapeleka uso kwenye mtutu. Mimi ningekiweka ubavuni, karibu na kitako. Na ningeweka kitufe cha nguvu mbili, ya ghalani na ya shambani, nisitembee na bisibisi mfukoni.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi sindano imeshuka. Imetoka kabisa kwenye kijani. Sijapiga hata risasi moja.

Baridi hushusha kidogo, hilo nalijua. Si hivi. Mchana, jua lilipokolea, nimeijaza tena, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, ninavyotafuta uvujaji kwenye friji. Hakuna kipovu hata kimoja. Haivuji. Basi kuna mtu.

Nyumbani tupo watatu. Mimi, Stella, na Yotham, kaka yake Stella, mkubwa kwangu kwa umri. Alikuja kutoka Munanila baada ya kufiwa na mkewe, anauza ndizi sokoni hapa Kasulu. Analala sebuleni. Kabati la bunduki liko sebuleni. Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Asubuhi ilikuwa imeshuka tena na sikuwa na muda wa kupampu. Nikasema itatosha. Haikutosha. Risasi imelegea njiani, imeingia kwenye gunia la maharage.

Mzee Salumu kacheka mpaka kofia ikasogea. "Fundi, panya yuko juu ya boriti. Hayo maharage yamekukosea nini?"

Wapagazi wote wamesikia. Nimerudi nyumbani nimenuna. Yotham kanisalimia vizuri, vizuri kupita kiasi.

Ijumaa, 7 Juni

Manyoya ya kanga nyuma ya jiko.

Yotham anasema amemnasa kwa kitanzi, kule bondeni. Nilipofika kanga yuko chunguni tayari, vipande vipande. Nani alikuwa na haraka hivyo? Nimekula paja nikiligeuzageuza, natafuta tundu la risasi. Stella kaniuliza kama nyama ina mchanga.

Sina ushahidi. Ila kibali kina jina langu peke yangu. Mtu akikamatwa bondeni na bunduki yangu, kibali kimekwenda, na huenda mimi nikakifuata. Yeye atarudi kwenye ndizi zake. Hilo ndilo linaloniuma. Hata angeniomba ningemkatalia, lakini angalau angeniomba.

Jumapili, 9 Juni

Jana jioni niliijaza bunduki, kisha nikanyunyiza unga wa muhogo sakafuni mbele ya kabati. Unga kidogo tu, nione nyayo za nani. Nimeamka, Stella ameshafagia. Sindano imeshuka.

Kafagia kwa sababu hufagia kila siku, au kwa sababu kaka yake kamwomba? Najua ni upuuzi. Nimeandika hata hivyo.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nabuni. Kifyatulio kiwe na kihesabu kidogo, kila risasi ikitoka namba inapanda, na hakuna wa kuirudisha nyuma. Kufuli ya namba kwenye mkono wa kukokea. Tukiwa kwenye wimbo wa mwisho nikagundua kwamba hakuna hata kimoja cha kumpiga panya. Vyote ni vya kumkamata mtu.

Jumanne, 11 Juni

Nimefunga uzi mwembamba kwenye mlango wa kabati. Asubuhi uzi uko palepale, fundo lilelile. Sindano imeshuka.

Kwa hiyo anajua kufunga fundo langu.

Jumatano, 12 Juni

Mchana kutwa haikushuka. Nimeichungulia kila nilipopita. Inashuka usiku tu, yeye akiwa chumba kimoja nayo. Mtu ahitaji nini zaidi?

Alhamisi, 13 Juni

Imetokea leo. Sikupanga iwe mbele ya Stella lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimuuliza Yotham anampigia nani ndege kwa bunduki yangu. Kaweka kikombe chini. "Muramu, mimi hata inapofungukia sipajui."

Kuniita muramu, yaani shemeji, kwa sauti ile ya upole ndiko kulikonichoma. Nikapandisha sauti. Nikasema mengi. La mwisho nikamwambia arudi kwao Burundi.

Yotham amezaliwa Munanila. Karatasi za uraia alipata pamoja na baba yake. Baba yake ndiye baba yake Stella. Nilijua yote hayo kinywa kikiwa wazi.

Stella amechukua kikombe cha kaka yake akakiosha, kikiwa bado na chai.

Ijumaa, 14 Juni

Ameondoka alfajiri. Mkeka kaukunja, blanketi juu yake. Stella kanipa chai bila kuniita jina. Jioni nimejaza bunduki hadi kwenye kijani. Leo angalau nitalala vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Imeshuka.

Jumapili, 16 Juni

Jana nilihamishia bunduki chumbani, chini ya kitanda, upande wangu. Mlango nilifunga, ufunguo mfukoni mwa suruali niliyolala nayo. Asubuhi imeshuka. Stella alikuwa bado amelala. Nimemtazama. Nikawa nahesabu kama mkono wake ungefika chini bila kuniamsha.

Kisha nikajiogopa.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi nilikwenda jikoni kujichemshia maji. Stella siku hizi hanichemshii. Baridi kali, ukungu hadi mlangoni. Chupa ya mawese iko dirishani. Nikaishika kuisogeza, mafuta hayakusogea. Yameganda. Juu yamepauka, magumu, kama mshumaa.

Nikakaa kwenye kigoda.

Mchana nilirudi makusudi kutoka kazini. Chupa ileile, mafuta mekundu, yanacheza.

Mchana mafuta ni laini, oringi inaziba, povu la sabuni halioni kitu. Usiku yanaganda kwenye valvu, valvu haikai sawa, upepo unatoka polepole hadi jua litoke. Mafuta ya jikoni. Mimi ndiye niliyeyapaka, kwa kidole changu, na nikajisifu yanateleza. Mimi, ambaye kazi yangu ni baridi. Nalipwa kwa kuijua baridi.

Jumatano, 19 Juni

Jana nilifungua kila kitu. Ndani ya valvu kulikuwa na ukoko wa njano, na vumbi la mahindi limeng'ang'ania humo. Nimeosha, nimekausha, nimepaka grisi ya silikoni niliyopata kwa fundi wa pampu za visima. Kaniambia nishukuru Mungu, upepo mwingi hivyo na mafuta ya kula huweza kulipuka. Leo asubuhi nimeinama kwenye kipimo. Sindano iko kwenye kijani.

Nilitarajia kufurahi. Nimeifunika bunduki, nikaenda jikoni.

Nimemweleza Stella yote, hadi unga wa muhogo. Hadi mkono wake kitandani. Kasikiliza akichambua maharage. "Umeniambia mimi," kasema. "Sasa nenda ukamwambie yeye."

Ijumaa, 21 Juni

Kibondo wananiita, ghala limejaa panya. Nimewaambia wasubiri. Naogopa kumfuata Yotham Munanila kuliko nilivyowahi kuogopa polisi.

Jumamosi, 22 Juni

Nimefika Munanila mchana. Yotham alikuwa migombani, anapalilia. Kaniona kutoka mbali, hakuacha jembe hadi amalize mstari. Kisha kaniletea kiti. Yeye kakaa chini.

Nilisimulia bila kujipamba. Mawese, baridi, uzi, kanga. Kwenye mawese alitabasamu kidogo. Akauliza, "Sindano imesimama?"

"Imesimama."

"Basi vizuri."

Nikaomba radhi. Nilitaja neno lenyewe nililomwambia, nisijifiche nyuma ya bunduki. Alifuta udongo kwenye jembe kwa kidole gumba.

"Uliniambia nirudi kwetu," kasema. "Nimerudi. Kwetu ni hapa. La bunduki limekwisha, muramu. Hilo jingine uniache nalo kwanza."

Kanisindikiza hadi barabarani. Mkungu wa ndizi kaubeba yeye begani, hakukubali nimpokee. Ni wa dada yake, kasema.

Jumatatu, 24 Juni

Bunduki sasa inakaa chumbani. Kabati nimelitoa sebuleni. Mkeka wa Yotham bado uko kwenye kona yake, blanketi juu, Stella hataki uguswe na mimi siugusi.

Asubuhi nimeinama, nimetazama kipimo. Iko palepale. Mchana Stella kapika ndizi za kaka yake kwa mawese. Tumekula wawili. Amepakua sahani tatu, ameiona ile ya tatu, ameimimina tena chunguni.