Mama aliwaweka buibui wangu katika beseni moja, sasa anapika peke yake

Mama Marthe mpendwa wa redioni, naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usicheke, maana kuchekwa nimechoka. Mama yangu mzazi anapika peke yake nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, kwenye mbabula yake ya zamani, jiko la makaa, chungu changu hagusi, na juma lijalo anataka kupanda lori na mdogo wangu Djafari waende kuishi Kabongo, na chanzo cha yote ni buibui. Sikukosea kuandika. Buibui.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, nauza samaki wakavu na mafuta ya mawese hapa Kamina, marehemu baba hakuniachia kitu isipokuwa jina, nilianza na kapu moja la samaki kichwani na leo nina depo yenye mlango wa chuma na nyumba ya vyumba sita ambayo nilijenga tofali kwa tofali. Katika nyumba hiyo wanakula watu kumi na mmoja, nakuhesabia: mama, Djafari, mke wake Zuena, watoto wao sita, shangazi mmoja aliyekuja kwenye matanga ya baba miaka tisa iliyopita akasahau kurudi kwake, na mimi ninayewalisha tangu matanga hayo. Katika hao kumi na mmoja anayetoka asubuhi kwenda kazini ni mmoja, na ndiye anayekuandikia. Djafari ana miaka thelathini na tisa, ana afya, ana diploma, na kila mwaka ana mradi mpya, mara kuku, mara saluni, mara pikipiki ya kubeba watu, na kuku tuliwala, saluni ilifungwa, pikipiki iko ukutani bila gurudumu la mbele.

Sasa hao buibui. Sisemi wale wadogo wa pembe za nyumba. Nasema wale wakubwa wenye manyoya wanaokaa mashimoni, ambao kwa Kifaransa wanaitwa mygale. Wachoma matofali wanapobomoa vichuguu kutafuta udongo huwakuta chini na kuwaponda kwa jembe, na mmoja wao, Kabeya, aliyenifyatulia matofali ya nyumba, siku moja aliniita nione maajabu, nikakuta buibui jike wa rangi ya kutu, miguu ya mbele ameinua juu, na chini ya tumbo amekumbatia mfuko mweupe wa mayai. Wanaume wanne wenye majembe, na yeye hakukimbia wala hakuuachia mfuko. Nikamwambia Kabeya asimguse, nikamfunika kwa ndoo, nikapitisha bati chini ya ndoo, nikampa Kabeya vipande viwili vya sabuni akacheka mpaka akakaa chini, na nikaenda na ndoo yangu nyumbani.

Nilijifunza kwa telefone, kuna watu Ulaya wanaowafuga na kuonyesha kila kitu. Mayai yalipoanguliwa walitoka tisini na wanne, weupe, kama punje za mtama. Mwanzoni hukaa pamoja kwa amani, lakini wakishabadilika rangi na kuanza kuwinda, usipowatenga wanakulana, ndugu kwa ndugu, hawachagui. Basi nikaomba famasini chupa tupu za vidonge, nikatoboa matundu kwa sindano ya moto, nikatia udongo wenye unyevu kidogo, kila mmoja na chupa yake na namba yake, nikawalisha mchwa wadogo, kisha mguu wa panzi, na tone la maji pembeni. Mwaka wa kwanza wengi walikufa, wengine kwa ukavu, wengine kwa maji yangu mengi, wengine walikwama wakijivua ngozi, maana hukua hivyo, hulala chali kutwa nzima na asiyejua hudhani wamekufa, kumbe wanavua ngozi nzima mpaka ya kucha. Mwaka wa pili nilibaki na thelathini na wanane, wakubwa sasa, nimewahamishia chupa za maziwa ya unga. Siwauzi. Kila mtu huniuliza napata faida gani, na mimi nauliza, pikipiki ile inatoa faida gani? Nikirudi kutoka depo naingia katika kile chumba kidogo, nafunga mlango, na humo hakuna mdogo wangu anayesema yaya nipe, wala watoto wake wanaosema shangazi nipe. Wanakula mara moja kwa juma na hawajaniomba sabuni hata siku moja.

Chumba hicho nakifunga kwa kufuli, maana kuuma wanauma na watoto wako wengi. Lakini safari hii ya kwenda ziwa Kisale kununua samaki nilijua nitakawia, na jua lilikuwa kali, basi ufunguo nikamwachia mama, nikamwambia awatilie maji kidogo, basi. Niliporudi na magunia yangu sikuvua hata viatu, nikafungua, nikakuta chupa zangu zote zimeoshwa, zimepangwa mstari, tupu, zinang'aa. Chini kuna beseni kubwa la kuogea, limetiwa udongo vizuri, limefunikwa kwa chandarua na kufungwa kwa kamba, na katikati kuna sahani ndogo yenye tonge la bukari, yaani ugali, na kipande cha samaki, vimeota ukungu, havikuguswa. Nikahesabu. Wazima walikuwa saba, wanono sana. Wengine walibaki miguu tu.

Mama Marthe, sikuuliza. Nilijua ni Zuena, maana mama mikono inamtetemeka, nikasema atakuwa amempa Zuena ufunguo, na Zuena tangu zamani husema chumba kile kingetosha kwa watoto wake wakubwa kulala. Nilimtoa uani, nikamwambia mbele ya lupango zima, watu wote wa ua wetu, kwamba ameshindwa kunimaliza mimi, ameanza na wanyama wangu, kwamba hata nguo aliyovaa ni yangu, na mengine ambayo siyaandiki. Zuena alimfunga mtoto mgongoni upya. Djafari akatoka kulala, saa kumi jioni, akaniambia napenda madudu kuliko damu yangu, na kwamba Mungu ananiona. Nilikuwa bado najibu hilo la Mungu mama alipotoka.

"Wacha Zuena," akasema. "Njo minyi nilifanya. Batoto ba mama moja, kila mutoto mu chupa yake kama bafungwa. Nilibaonea huruma. Nikasema bakule pamoja, sahani moja, vile weye na Djafari mulikula."

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuandikia. Lakini nilikuwa nimelala njiani siku tatu juu ya magunia, nikamjibu mama yangu mbele ya watu:

"Mama, beye balikulana siku chache tu. Minyi munanikula miaka tisa, na hakuna muntu aliniweka mu chupa yangu."

Mama hakulia. Aliingia ndani, akatoa ile mbabula aliyokuwa akiitumia wakati baba yuko hai, akaiweka nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo anapika chungu chake mwenyewe. Nikimpelekea samaki anasema asante, anamweka kando, paka anakula. Jana Mwadi, mke wa mtu wa reli tunayepakana naye, alipita mbele ya macho yangu amembebea unga. Unga! Mimi ninayeuza chakula kwa magunia, mama yangu analishwa na jirani. Djafari ametangaza kwamba wanarudi kwenye shamba la baba Kabongo na mama anaenda naye, nilimwuliza mama kama ni kweli akatikisa kichwa kukubali. Ijumaa baada ya swala ndugu walinikalisha, wakasema nimwombe Djafari radhi na nimsihi abaki, na walisema hivyo huku wanakula pilau yangu.

Basi niambie. Nimwache Djafari aende, jambo ambalo nimelitamani muda mrefu na nimeona haya kulisema, halafu nimpoteze mama? Au niwasihi wote wabaki, niendelee kulisha kumi na mmoja mpaka siku watakayonizika na kuniandalia matanga kwa samaki wangu mwenyewe? Jina langu lisome tu hewani, mtaa wote unalijua.

Sifa, Kamina

*

Sifa, sikucheka. Buibui siwapendi, hata picha zao sitaki kuona, lakini ukilea kitu tangu kikiwa punje na mtu mwingine akakiharibu, una haki ya kuumia. Pole. Pole yangu inaishia hapo, sasa nisikilize.

Unajisifu kwa hesabu, na siku ile hukuhesabu. Ufunguo ulimpa nani? Ulimpa mama. Ukamrukia Zuena, kwa sababu Zuena ndiye mtu pekee katika lupango lako ambaye ukimtukana hana mahali pa kwenda kulalamika. Utamwomba msamaha uani, kwa sauti ileile, majirani wakisikia. Usimnunulie kitenge. Nimekusoma vizuri, Sifa, wewe ukikosea unanunua kitu. Safari hii utasema maneno.

Wale saba warudishe kila mmoja kwenye chupa yake leo hii, na ufunguo ukae kwako, au kwa mtu uliyemfundisha. Hapo ndipo pana kosa lako la pili. Umenieleza mimi nisiyekujua, kwa kirefu, kwa nini ndugu hao hutengwa. Mama yako ulimweleza lini? Ulimpa ufunguo na amri ya maji. Mwanamke mwenye mikono inayotetemeka alisugua chupa thelathini na nane, akahamisha wadudu wanaouma mmoja mmoja huenda bila hata mtu wa kumshikia taa, akawapakulia chakula. Unajua ilimchukua muda gani? Kazi yote hiyo aliifanya akidhani anakupendeza, na wewe ulimlipa mbele ya lupango zima.

Lakini sitakuambia ukanushe ile ya miaka tisa, maana ni kweli na kila jirani anajua ni kweli. Ulikosea mlango tu. Deni la Djafari ulimdai mama. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta siku ambayo ulimkalisha Djafari, ukamwambia uso kwa uso, Djafari, imetosha, na siku hiyo sikuiona. Umemlisha na kumchukia kimya kimya, naye amekula na kukuchukia kimya kimya. Huo ni ushirika wa watu wawili, usimtupie yeye peke yake.

Kwa hiyo mwache aende. Usimsihi. Mlipie lori, mpe unga na samaki wa kuanzia, mara moja tu, na umwambie mbele ya hao ndugu wa Ijumaa kwamba hapo ndipo mwisho. Ndugu wakipinga, waambie kila mmoja achukue watoto wawili kwake, halafu tazama watakavyokumbuka safari zao. Watoto walio shuleni, Zuena akitaka, wamalize mwaka kwako, wao hawana kosa. Na shangazi ana kwao, lori hilohilo lina nafasi.

Sasa mama, ambaye ndiye uliyeniandikia kwa ajili yake, mengine yote ni magunia uliyoyaweka mbele yake nisimwone. Unauliza kama utampoteza. Huenda. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Wazazi wengi humfuata mtoto asiyejiweza, na sisi tunaojiweza tunaita dhuluma, lakini jiulize: kwa miaka tisa umempa mama yako chumba, nguo, dawa, samaki. Ulimwomba nini? Hata maji ya kunywa, katika barua yako sikuona ukimwomba. Umemfundisha kwamba huhitaji mama, na amekusadiki. Djafari anamhitaji kila asubuhi, ndiyo maana mama anajua afanye nini akiwa naye.

Leo ukifunga depo, usibebe samaki wala mafuta. Chukua sahani tupu, nenda nyuma ya nyumba, kaa chini karibu na mbabula, umwambie una njaa. Usitaje lori, usimtaje Djafari, na usieleze chochote juu ya buibui. Akikupakulia, kula chote, hata kama ni unga wa Mwadi. Asipokupakulia, kaa hapohapo mpaka makaa yazimike, na kesho urudi na sahani hiyo, tupu vilevile.