Mlango katika Kitabu cha Kwaya

Kisumu, 4 Machi 2024

Baba,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Huku tuko salama, mvua imeanza.

Kurasa 112 za kitabu chako cha kwaya zimefika kwa basi. Nimeanza faharasa, ile orodha ya mwisho inayomwonyesha msomaji kila jambo liko ukurasa gani. Unakumbuka ulivyoiita? “Kazi ya kuhesabu karatasi za wenzio.” Kwa neno hilo sijakanyaga nyumbani Kaloleni miaka sita. Na kazi hiyo, niliyojifundisha mwenyewe, ndiyo inayonilisha.

Sasa sikia: usiongeze hata mstari. Ukisukuma ukurasa mmoja, nambari zangu zote zinaharibika.

Binti yako,
Khavere

Kaloleni, 19 Machi 2024

Khavere mwanangu,

Habari za huko? Mgongo unauma nikikaa, nikisimama unatulia, basi nasimama mlangoni. Norah wa sauti ya pili anakusalimu, anauliza kama bado umenuna. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Nimeongeza ukurasa mmoja tu, wa mbwa wa Omolo aliyekuwa akiimba nasi. Kwaya bila yule mbwa ni uongo.

Baba yako

Kisumu, 2 Aprili 2024

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo kwa nusu.

Mbwa ameingia ukurasa wa 18, akasukuma kila kitu nyuma yake. Majina tisini na manne nimeyapa nambari upya kwa sababu ya mbwa! Mwambie Norah sijanuna, niko kazini.

Khavere

Kaloleni, 20 Aprili 2024

Mwanangu,

Pole kwa kazi. Hapa ni uzima, ila chai ya mtu mmoja haina ladha.

Usikasirike. Nimeongeza harusi ya Obonyo, na ile jioni stima ilipopotea tukaimba gizani, mlango wetu wazi ili majirani waingie. Huenda nikakumbuka mengine. Haraka ya nini? Kitabu kikiisha, basi halitaniletea tena bahasha yako.

Baba yako

Kisumu, 9 Juni 2024

Baba,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Nimechelewa kujibu, si kwa hasira. Nilikuwa naisoma faharasa yangu.

Wewe unaandika kitabu kutoka mwanzo kwenda mwisho. Mimi naokota jambo moja kila lilipodondoka, naliweka pamoja, ndipo naona ulichosema bila kujua. Kitabu ni cha kwaya. Mchungaji ana kurasa tano. Sauti ya tatu, kurasa saba. Mlango wa nyumba yetu, kurasa kumi na tisa. Watu wanaimba, wewe unaangalia mlango. Hata mbwa wa Omolo umempitisha hapo.

Niliuandika chini ya M, nikashindwa kuendelea siku hiyo.

Sasa kuna tatizo. Ukurasa wa 31 unasema mlango ni wa buluu. Mimi nilipoufunga nikaondoka, ulikuwa wa kijani. Siwezi kukamilisha faharasa jambo hilo likining'inia, na kwa barua tutabishana hadi Krismasi. Nakuja Jumamosi, tarehe 15. Nitaukwangua mlango kwa mkono wangu nione rangi ya chini.

Norah apike, mimi nitaleta samaki.

Na wewe, usiguse brashi. Usiupake rangi kabla sijafika.

Khavere wako