Ua Juu ya Namba ya Leseni

Mpendwa Shangazi, naomba unishike mkono, maana nimeponea chupuchupu. Mimi ni wakala wa bima, leseni ninayo na ni halali, ila ina miezi kumi na moja tu, na kwetu namba ya leseni huanza na mwaka ilipotolewa, sasa wifi yangu aliponitengenezea tangazo la mtandaoni akaandika "Uzoefu wa miaka tisa", amehesabu na ile minane ambayo nilikuwa nikipokea simu na kuchemsha chai kwa dalali wa bima, mimi nikaona namba itaniumbua, nikabandika ua juu yake, ua jekundu zuri tu, na kanuni inasema wazi kwamba jina na namba ya leseni vionekane kwenye kila tangazo. Juzi ofisa wa mamlaka ya bima akanipigia: "Dada, hilo ua linaficha nini?" Shangazi, nilikaa sakafuni katikati ya mafaili nikamwambia yote, nikijua leseni imekwenda na maji, naye akacheka, akasema wenzako huifuta kabisa, wewe umepamba, haya, toa ua, toa na hiyo miaka, niletee tangazo jipya ndani ya siku saba yaishe. Nililia kwa furaha mpaka wifi akadhani tumefiwa. Ila kuna mama muoka mikate aliyenijia kwa tangazo lile lile, moto wa tanuri ulipounguza dari yake nilihangaika naye mpaka akalipwa, na sasa anataka kuniletea wenzake kumi na wawili wa kikundi chao, "kwa ule uzoefu wako, mwanangu." Nibadilishe kimyakimya, au nimwambie? Naogopa kumpoteza.

Wakala wa Ua

Shangazi anajibu:

Pole, na hongera kwa kupona. Sasa nikuseme kidogo. Kuchemsha chai ni kazi ya heshima, lakini chai haitolewi leseni. Na wifi usimtwishe mzigo wote; yeye aliandika, ua ulibandika mwenyewe. Unauza ahadi, mwanangu. Mtu anatoa hela yake leo kwa kuamini neno lako la kesho, na njia ya mwongo ni fupi.

Ondoa tangazo la zamani leo hii, kila ulikolisambaza, hata kwenye makundi ya simu. Jipya liwe na jina lako kama lilivyo kwenye leseni, na namba isomeke bila mtu kukodoa macho. Kabla hujamtumia ofisa, nenda kwa yule mama kwa miguu yako, umwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine. Hao kumi na wawili waje wakijua wanakuja kwa nani.

Atakasirika? Huenda. Usijitetee, kaa usikilize mpaka amalize. Kisha mwulize, siku dari ilipoungua, nani alisimama naye kwenye majivu? Ni wakala ambaye hajatimiza mwaka. Yule wa miaka tisa hata hakufika.