Nilimwambia Mama Imekubali

Jumamosi, saa kumi jioni. Baridi imetoka Timboroa ikaingia hapa Kiplombe bila hodi, na mimi nimefungua dirisha makusudi.

Mama amevaa koti ndani ya nyumba.

Wacha nianze mwanzo. Mama hutarizi beji za shule kwenye masweta. Mashine yake imenizidi umri, na inasikiliza kompyuta moja tu, ile ya kijivu iliyo kando yake, kwa sababu kadi inayoziunganisha ni ndefu na haiingii kwa kompyuta yoyote ya siku hizi. Jumatano prosesa, ile chipu inayoendesha hiyo kompyuta, ilikufa. Masweta arobaini yanangoja. Shule inafunguliwa Jumatatu, na mwalimu mkuu alisema akikosa beji mara hii, atatafuta mtu mwingine.

Nilienda kwa fundi mmoja mjini. Akachakura kopo la majani chai, akatoa prosesa moja. Moja tu.

"Hii inataka volti mbili nukta nane," akasema. "Motherboard yenu, ile bodi kubwa, inatoa tatu nukta tatu, na haina pa kupunguzia. Itaingia. Lakini usikuje hapa kulia, sawa madam?"

Nikacheka, kwa sababu mbele ya watu sijui kufanya kitu kingine.

Leo asubuhi pini zote ziliingia. Skrini ikawaka. Mama akauliza kutoka jikoni, "Jerop, imekubali?"

"Imekubali."

Huku kwetu kila kitu hukubali ama hukataa: simu, jiko, mbegu. Nilijua Mama ataelewa kwamba iko salama. Lakini haikukubali. Hakuna aliyeiuliza. Mimi pia hukubali hivyo, kusoma neno kanisani, kuwa katibu wa klabu, kwa sababu kukataa kunataka sauti.

Beji kumi na mbili zilipita vizuri. Kisha nikagusa alumini iliyo juu ya prosesa. Asubuhi niliweza kuhesabu hadi kumi kabla ya kuondoa kidole. Sasa nilifika mbili.

Nikafungua dirisha. Mama sikumwambia. Ikiungua na kuharibu bodi, ile kadi haitakuwa na pa kukaa, na mashine ya Mama haitasikia mtu tena. Na Mama alikuwa anaimba.

Kwa beji ya kumi na tisa skrini iliganda. Sindano ikasimama katikati ya mdomo wa korongo, yule ndege wa beji ya shule. Mama hakuangalia mashine. Aliniangalia mimi.

Nilianza kukiri kwa Kiingereza. Sijui kwa nini, aibu huwa nyepesi kwa Kiingereza.

"Ongea na mimi, si na mwalimu," Mama akasema.

Nikarudia kwa Kiswahili, yote, hadi maneno ya fundi.

"Kwa hivyo tangu asubuhi tunaichoma."

"Ndio, Mama."

"Na dirisha?"

"Ni ya kuipoza."

"Na mimi nikadhani umeanza kupenda hewa."

Hakucheka. Alichukua pini, akaanza kumfumua yule korongo wa nusu mdomo, uzi mmoja mmoja. Baadaye, bila kuinua kichwa: "Uzi ukianza kukatika, mimi sishindani nao. Napunguza mwendo. Hiyo kitu yako haina mwendo?"

Ina.

Kuna kifuniko kidogo cha plastiki kwenye bodi, kando kabisa ya prosesa, cha kuchagua mwendo. Volti sina uwezo nazo. Mwendo ninao, na nilikuwa nimeuweka juu kabisa. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona ikikimbia kushinda ile ya kwanza. Beji haihitaji mbio. Ni mimi niliyezihitaji.

Nimeiacha ikapoa, nikashusha hadi nusu. Mashine imeanza tena. Volti ni zile zile, bado ni nyingi mno kwake, na kila sindano ikisita narudisha kidole kwenye alumini. Tumemaliza beji ishirini na moja, zimebaki kumi na tisa. Kidole kinafika saba.

Mama amevaa kofia ya marvin kichwani na kusema nisiguse dirisha.

Sijui kama tutafika arobaini. Lakini akiuliza tena, sitasema imekubali. Nitasema inavumilia, kisha nimwambie kidole kimefika ngapi.