Bima Ndogo

Sherikat, Juba

Dada yangu Ambiyo,

Pokea salamu zetu. Huku mvua imezidi, barabara ni matope matupu. Teksi yetu iliteleza karibu na daraja, ikamgonga mwanamke muuza samaki. Shemeji yako Sharmarke alikimbilia kwa wakala wa bima, akaambiwa, "Mlikata bima ndogo. Itamtibu huyo mliyemgonga. Gari lenu mtalitengeneza wenyewe." Bima kubwa tuliiona ghali.

Yule mwanamke anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Gari ndilo limekufa. Sharmarke sasa anabeba magunia katika soko la Konyo Konyo.

Nisamehe mwandiko. Teksi ilipoteleza nilikuwa kiti cha mbele, mkono wa kulia ukavunjika, naandika kwa kushoto. Mama usimwambie.

Mdogo wako aliyechoka,
Muhubo