Kwa Baba, na kwa Aliyevaa Namba Kumi na Nne

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuzika, na nyumba hii bado haijatulia. Mama akiamka anapanga viatu mlangoni, anavipangua, anavipanga tena. Kaka alisema nikuandikie maneno mafupi, upumzike na sisi tupumzike. Nimejaribu mara tatu. Nikifika kwenye "pumzika kwa amani" kalamu inagoma, maana ulituachia kazi na kazi hiyo haijaisha.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa fundi viatu. Kibanda chako kipo pale pale kwenye kona, mlango wa bluu, kigoda kimoja cha mteja na kimoja chako. Viatu vya watoto wa shule ulivishona kwanza hata kama mkubwa amekuja mapema, ukisema mwalimu hangoji. Watu uliwasoma kwa soli. Aliyelika kisigino upande mmoja, ulisema huyo anakimbizana na dunia. Mama alikuambia siku moja uangalie na nyuso za watu, ukamjibu kwamba uso una adabu ya kudanganya, soli haina.

Na moyo wako ulikuwa mbovu. Kilango kimoja ndani yake hakikufunga vizuri, damu ikirudi nyuma inatoa mlio, na mwenye kujua akiweka kipimo kifuani anausikia. Kwa ajili ya mlio huo chuo cha taifa cha mabingwa kilikuita kila mwaka. Pale wanakwenda watu ambao ni madaktari tayari, wa mwili na wa meno, kusomea ubingwa. Siku ya mtihani ulilala kitandani kifua wazi, wao wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja ana dakika nane za kukupima na kusema una nini. Miaka kumi na miwili umelala kitanda kile. Wakakupachika jina, Mzee Mlio, nawe ukalivaa kama kofia ya sikukuu.

Sheria ilikuwa moja: mgonjwa anajibu anachoulizwa, ugonjwa wake hautaji. Uliishika kuliko walioitunga. Kuna daktari mmoja alikunong'oneza, "Mzee, huwa wanakwambia una nini?" Ukamjibu, "Huwa wananiambia nikuulize wewe." Na mwaka ule ulipokosea foleni ukaingia chumba cha meno, wakakuambia fungua kinywa, ukafungua, hukusema neno mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyekuuliza kama umepotea. Ulirudi nyumbani ukamwambia Mama kwamba umeondoka na moyo mmoja mbovu, umerudi na meno mabovu saba juu yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi kitindamimba wako ndiye niliyekusindikiza tangu nilipomaliza shule ya msingi. Nilikaa kwenye benchi ukutani, nimeshika koti lako, na kazi yangu ilikuwa kunyamaza na kutazama. Kwa hiyo siku ya mtihani wako wa mwisho niliona kila kitu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Watahiniwa hawatajwi majina, wanavaa namba kifuani ili asipendelewe mtu. Kumi na nne alikuwa mwanamke, si mrefu, amevaa viatu vyeusi, soli ya kushoto imeachia mbele kama mdomo wa kambale. Nilikuona ukiitazama. Alisugua viganja vyake kwanza, akakuomba radhi kwamba mikono yake ina baridi. Akasikiliza moyo. Kisha akapandisha vidole shingoni, akateremka mpaka juu ya mtulinga wa kushoto, akasimama hapo. Akakuuliza unakulaje. Ukajibu, kwa kuwa umeulizwa, kwamba siku hizi unashiba upesi.

Profesa aliyekuwa anasimamia akamwambia, "Daktari, moyo."

"Moyo nausikia, Profesa. Lakini hapa pana uvimbe, na mzee anashiba upesi. Ningeomba tumbo lake lipimwe."

Profesa akatazama karatasi yake. Karatasi ilikuwa ile ile ya miaka yote, inanakiliwa tu: mzee, moyo, mlio upande wa kushoto. Tumbo halikuandikwa. Akamwambia amebakiza dakika moja, asiipoteze. Yeye hakuondoa kidole. Kengele ikalia hajamaliza kuueleza moyo.

Tulipotoka tulimkuta ameketi kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi. Ulinyoosha mkono ukakichukua, ukatoa sindano yako kwenye mfuko wa koti. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, umebaki mwekundu. Ukamwonya kwamba watu watamcheka. Akasema wacheke tu, leo ameshachekwa. Ukashona pale pale, mishono midogo midogo, na ukamalizia kwa mafundo mawili kwa ndani kama ilivyokuwa desturi yako. Alituambia hiyo ilikuwa mara yake ya tatu, na ya nne hairuhusiwi. Alipovaa kiatu alisimama, akakuinamia.

"Mzee, mimi nimefeli. Lakini wewe nenda kapimwe tumbo. Usingoje."

"Nitakwenda, mwanangu."

Hukwenda, Baba.

Njiani nilikuuliza kama kweli utakwenda. Ukasema Profesa ameujua mwili wako miaka kumi na miwili, yule binti ameujua dakika nane. Nikanyamaza. Na nilikuwa nimeshauona uvimbe ule, wiki mbili kabla, nilipokufunga kola. Ulikuwa kama punje ya mahindi. Ulisema ni mkanda wa mfuko wa vifaa, na kweli mkanda ulipita papo hapo, nami nikaridhika. Watu husema mimi nina macho. Macho bila mdomo yana kazi gani?

Miezi mitatu baadaye ukawa huwezi kumeza hata uji. Hospitali wakapitisha kamera tumboni. Daktari aliyetuita ofisini alisema ni saratani, ilianzia tumboni, na ule uvimbe wa shingoni ulikuwa mtoto wake. Kaka akauliza ingekuwaje kama tungekuja mapema. Hakutudanganya. Alisema tusingekuponya, ila tungekupunguzia maumivu, na labda tungekuwa nawe miezi kadhaa zaidi. Tangu siku hiyo naihesabu miezi hiyo, sijui ingekuwa mingapi, na bado naihesabu.

Wiki ya mwisho sauti yako ilikuwa ndogo. Mama alikuwa anakulowesha midomo. Ukaniita, nikadhani unataka maji.

"Mtafuteni namba kumi na nne," ulisema. "Mwambieni alipatia."

Huo ndio wosia wako, Baba. Kibanda, kigoda, nyundo, hukuvitaja. Kaka alisema maneno ya mgonjwa yasichukuliwe yote. Mama akamwambia, "Baba yenu hajawahi kuniambia neno la ziada miaka thelathini, hili si la ziada."

Basi nilikwenda chuoni na karatasi za hospitali. Katibu wa mitihani alinipokea vizuri, akaniita mdogo wangu, akaniambia jina la mtahiniwa halitolewi na matokeo yakishafungwa yamefungwa. Nikamwambia sina haraka. Nikaketi kwenye benchi la nje, lile lile tulilozoea kukaa kungoja zamu yako. Siku ya kwanza walinipita. Siku ya pili mfagiaji aliniuliza kama nimeajiriwa na benchi. Siku ya tatu Profesa akatoka mwenyewe, akanijua. Akazisoma karatasi amesimama, akazirudia, akavua miwani.

"Nilimwambia asipoteze dakika," alisema.

Nikamwachia karatasi zote.

Haki yake nayo niiseme. Aliipeleka habari yako kwenye kamati. Sasa kila mgonjwa anapimwa upya asubuhi ya mtihani, karatasi ya mwaka jana hainakiliwi tena. Na wamekubali namba kumi na nne afanye mtihani mara nyingine, ila lazima afike ajiandikishe mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi huu. Barua waliyomwandikia imerudi. Kituo chake cha kazi kinasema aliacha kazi mara tu matokeo yalipotoka, hakusema anakokwenda. Namba ya simu haipatikani.

Kwa hiyo niruhusu, Baba, nikupe kisogo kidogo niseme na mtu.

Daktari uliyevaa namba kumi na nne: mzee uliyempima hakufa kwa moyo. Ni tumbo, kama ulivyosema, na uvimbe ulikuwa pale kidole chako kilipokuwa. Mzee alijua kabla hajafumba macho, na ametutuma. Ulipatia. Nenda chuoni kabla mwezi haujaisha, waambie wewe ni nani, wanakungoja. Kama uliacha kazi kwa sababu ya siku ile, karatasi ndiyo iliyokosea. Na yeyote anayesoma hapa gazetini akamjua daktari mwanamke mwenye kiatu cheusi cha kushoto kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, amsomee maneno haya, hata kama atasema hataki kusikia.

Nimerudi kwako, Baba. Usikasirike kwamba kumbukumbu yako imegeuka barua ya mtu mwingine. Karani wa gazeti naye alilalamika hivyo hivyo. Kibanda sijakifunga. Nashona mimi sasa, mishono yangu bado mikubwa, wateja wako wananitania kwamba nashona magunia. Nimenunua uzi mwekundu, nauweka karibu. Na watu wakipita kwenye kona, nyuso siziangalii. Naangalia mguu wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, tangu nifungue mpaka nifunge.

Tunaokukumbuka ni Mama, mkeo, ambaye bado anakuwekea kigoda. Kaka, ambaye mwishowe ndiye aliyeipeleka barua hii gazetini. Dada na shemeji. Wajukuu wako wanne. Jirani yako fundi kufuli, ambaye amekosa wa kubishana naye. Na mimi kitindamimba wako.

Hatutakusahau maisha yetu yote, na mwezi haujaisha.