Paka Wako Wameingia Kwenye Bajeti ya Wadi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kaa vizuri huko uliko, maana habari hii utaicheka. Paka wako wa sokoni wameingia kwenye bajeti ya wadi. Ndiyo, paka! Wale wale waliokufanya usemwe kila kona hapa Yatta.

Unakumbuka asubuhi zetu? Kabla hujafungua hata gunia moja la ndengu, ulikuwa unamwaga vichwa vya omena nyuma ya kibanda na kuita, "Mwendwa! Mwendwa!" Yule paka wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika, alikuja mbio na wenzake nyuma. Mimi nilikuwa najificha kati ya magunia ili wanafunzi wenzangu wakipita wasinione. Nilikuonea aibu, mama. Nakwambia leo kwa sababu ulijua, na hukuniuliza kamwe.

Tulipokuzika nilirithi kibanda, na paka wakaja pamoja nacho. Wakazaana kupita kiasi. Mwaka huu wafanyabiashara kadhaa wakasema wamechoka kufagia uchafu wao, heri wawekewe sumu yaishe. Nilifika nyumbani nikalia, nikajishangaa.

Mama Ndinda, jirani yetu muuza viazi, ndiye aliyenivuta hadi kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti. Nilipotaja paka, ukumbi mzima uliangua kicheko. Ofisa wa kaunti akaniuliza, "Madam, watu wanalilia maji, wewe unataka pesa ya paka?"

"Panya wakimaliza mahindi yetu," nikamjibu kabla sijafikiri, "hiyo ushuru ya soko mtaitoa wapi?"

Walicheka tena, safari hii wakiwa upande wangu. Tukakubaliana tujaribu siku moja: kaunti ilete daktari wa mifugo, chanjo ya kichaa cha mbwa na vifaa vya kuwafunga paka uzazi, sisi wanawake wa soko tutoe mahali, chakula na mikono ya kuwashika. Ikienda vizuri, tutawekwa kwenye bajeti. Daktari akaomba kwanza orodha ya paka wote kwa majina. Tukapita kibanda kwa kibanda tukiandika, tukafika arobaini na wawili.

Siku ilipofika, daktari alikuja na vifaa vya paka arobaini na wawili. Tulitafuta soko zima tukapata kumi na mmoja.

"Hii orodha mlitoa wapi?" akauliza. "Mnataka kukula pesa ya kaunti na jina ya paka?" Akaanza kurudisha masanduku kwenye gari. Nilijua gari hilo likiondoka, sumu itafuata.

Wakati huo huo muuza nyama akatokea amembeba Mwendwa. "Daktari, huyu ni Karani wangu."

"Aiya! Karani gani?" Mama Ndinda akaruka. "Huyo ni Simba! Anakunywanga maziwa kwangu kila asubuhi!"

Msusi wa kibanda cha mwisho naye akaja mbio, kitana mkononi, akidai Malkia wake. Mama, huyo paka wako alikuwa anapata kiamshakinywa mara nne, na kila mahali ana jina lake! Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja wetu alimwandikisha paka wake, na paka wake alikuwa wa kila mtu.

Daktari alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Mimi nilidhani hizi paka hazina wenyewe," akasema, akipangusa macho. "Kumbe hii iko na wenyewe wanne. Nitaandika hivyo kwa ripoti." Akaandika kweli, na kwa ripoti hiyo tukapewa nafasi yetu kwenye bajeti. Sasa atakuwa anakuja, na habari ya sumu haisemwi tena. Nimetulia, mama. Nauza ndengu zangu kwa raha.

Ila kuna jambo moja sijamwambia mtu. Mwendwa alipomaliza kupasuliwa, alikuwa bado amelala kwa dawa, na daktari akaniwekea mapajani kwa sababu nilikuwa karibu. Miaka yote ile uliyoishi, sikuwahi kumgusa paka wako hata mmoja. Alikuwa na joto. Moyo wake ulikuwa unadunda chini ya kiganja changu, na wateja wakasubiri mpaka akafungua macho.

Pumzika kwa amani, mwaitu.

Ni mimi, kitinda mimba wako.